Pengo la Mwisho: Niliyojifunza Kuhusu Mzingo Kutokana na Uzio wa Bwawa la Samaki

Mwaka wa 2009, nikiwa na karakana ndogo ya kuchomelea vyuma katika eneo la viwanda vidogo la Kariobangi, jijini Nairobi, niliitwa na mama mmoja wa Kasarani nimjengee uzio wa chuma kuzunguka bwawa dogo la samaki lililokuwa nyuma ya nyumba yake. Wajukuu wake wawili walikuwa wameanza kutembea, naye hakulala usingizi kwa kuwaza siku ambayo mmoja wao angeteleza majini. Bwawa lilikuwa la duara, limejengwa kwa mawe na kusakafiwa vizuri. Aliniomba uzio usimame nusu mita kutoka ukingoni, ili apate pa kusimama anapowalisha samaki, na akataka nguzo zisiachane zaidi ya mita moja.

Nilipima upana wa bwawa kwa tepu, kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, nikapata mita 3.6. Shuleni tulikariri kwamba mzingo wa duara ni kipenyo mara 22 juu ya 7, na katika mtihani wa KCPE swali la namna hiyo halikunishinda, kwa hiyo nilipiga hesabu papo hapo: 3.6 mara 22, gawanya kwa 7, mita 11.31. Nguzo kila mita moja maana yake nafasi 11, na kila fundi wa uzio anajua kwamba nafasi 11 hutaka nguzo 12, kwa kuwa kuna ya kuanzia na ya kumalizia. Nikakata nguzo 12 za bomba la pembe nne la sentimita 5, nikazipaka rangi ya kuzuia kutu, nikazipakia kwenye mkokoteni pamoja na simiti, mchanga na kokoto. Nilienda na moyo mkunjufu, kwa sababu niliona nimefanya hesabu ambayo mafundi wengi huiacha na kukisia kwa macho.

Mimi na kijana aliyekuwa akinisaidia tulichora mstari wa uzio kwa chokaa, tukitumia kijiti cha nusu mita kuupimia kutoka ukingoni kila mahali. Kisha nikachukua kipande cha bomba kilichokatwa mita moja kamili, nikakilaza kutoka nguzo hadi nguzo, tukachimba, tukasimamisha, tukapima wima kwa pima maji, tukamwaga zege, tukasonga mbele. Tulipomaliza nguzo ya kumi na mbili, kati yake na nguzo ya kwanza palikuwa na uwazi ambao gari dogo lingepita kwa raha. Nilipopima juu ya mstari wa chokaa nikakuta ni mita 3 na zaidi ya robo. Tulisimama tukitazamana, kwa maana hesabu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kiganja changu na ilionekana kuwa sahihi.

Kesho yake nilirudi na nguzo tatu zaidi nilizozikata usiku. Tukaendelea kwa kipimo kilekile cha mita moja. Nguzo ya kumi na tano ilipokaa, pengo lililobaki kati yake na ile ya kwanza lilikuwa la sentimita 34. Mama alitoka jikoni akiwa ameshika karai la chakula cha samaki, akazunguka uzio wote polepole, akafika pale na kusimama. Akashusha karai, akajaribu kulipitisha kati ya zile nguzo mbili, likakwama pande zote.

"Fundi," akaniambia, "mbona hapa pamebanana namna hii na kwingine ni pana?"

Sikuwa na jibu. Alisema hatalipa salio mpaka kazi ionekane kuwa kazi, na alikuwa na haki. Jioni hiyo, karakana zote za jirani zikiwa zimefungwa, nilikaa na chaki mbele ya kipande cha bati nikaanza kutafuta kosa. Nililotarajia kuwa kosa moja liligeuka kuwa makosa matatu, na kila moja limenisaidia katika kazi zaidi ya mafunzo mengi niliyowahi kuyalipia.

Kosa la kwanza lilikuwa kwamba nilipima duara moja na kujenga juu ya duara jingine. Mita 11.31 ulikuwa mzingo wa ukingo wa bwawa, lakini uzio haukusimama ukingoni. Ulisimama nusu mita nje, upande huu na upande wa pili, kwa hiyo kipenyo chake kilikuwa 3.6 kuongeza nusu na nusu, yaani mita 4.6, na mzingo wake ni mita 14.45. Tofauti ya mizingo hiyo miwili ni mita 3.14. Niliitazama namba hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu niliifahamu tangu darasa la saba, na sasa ilikuwa imesimama mbele yangu kwa umbo la nguzo tatu nilizopungukiwa. Kipenyo kikiongezeka kwa mita moja, mzingo huongezeka kwa mita 3.14, liwe duara la bwawa, la mzunguko wa barabara au la uwanja wa michezo. Ukubwa wa duara ulioanza nao haubadilishi chochote. Nilijaribu kwa kipenyo cha mita 2, nikajaribu kwa mita 20 na kwa mita 200, na kila mara ziada ilikuwa ileile.

Baadaye nilipata kuona jambo hilo mahali ambapo Wakenya wengi wameliona bila kulitafakari. Katika mbio za mita 400, iwe katika uwanja wa Kasarani au wa Nyayo, wanariadha hawaanzi kwenye mstari mmoja, bali kila aliye nje huwekwa mbele kidogo ya aliye ndani yake. Njia ya kukimbilia ina upana wa mita 1.22, na kona mbili za uwanja zikiunganishwa hufanya duara moja kamili, hivyo mtu akihama kutoka njia ya pili kwenda ya tatu anaongeza mita 1.22 kila upande wa duara, yaani mita 2.44 za kipenyo, ambazo mara 22 juu ya 7 ni mita 7.67. Hizo ndizo mita anazorudishiwa pale mwanzoni. Anayehama kutoka ya sita kwenda ya saba anarudishiwa mita 7.67 zilezile, ingawa duara lake ni kubwa zaidi. Tangu nilipoelewa hivyo, sijawahi kutazama mbio hizo bila kukumbuka nguzo zangu tatu.

Kosa la pili lilikuwa la kuhesabu. Nguzo 12 kwa nafasi 11 ni kanuni ya uzio ulionyooka, ule unaotoka kona hadi kona ya shamba. Duara halina kona ya kuanzia wala ya kumalizia. Nguzo ya mwisho inapakana na ya kwanza, kwa hiyo idadi ya nguzo na idadi ya nafasi ni sawa daima. Ni jambo dogo, hata mtoto akichora duara mchangani na kulizungushia vijiti vitano ataona mapengo matano, lakini nimewaona mafundi wenye miaka mingi kazini wakibaki na nguzo moja mkononi na kuilaumu tepu.

Kosa la tatu ndilo lililonichukua usiku mwingi zaidi. Mzingo ukiwa mita 14.45, na nguzo zikiwa kila mita moja, nafasi 14 zingekula mita 14 na pengo la mwisho lingekuwa sentimita 45. Mimi nilikuwa nimepima sentimita 34. Zilipotelea wapi sentimita 11? Nilidhani tulichimba vibaya. Nilirudi Kasarani asubuhi nikapima upya kila nafasi kwa lile bomba la mita moja, na kila nafasi ilikuwa sawasawa. Ndipo nikaliona bomba lenyewe. Bomba ni mnyoofu, na mstari wa chokaa ulikuwa umepinda. Bomba lilipolala kutoka nguzo hadi nguzo lilikatiza kwa ndani, na mstari wa chokaa ulipita nje ya bomba ukiwa mrefu kidogo kuliko mita moja, mrefu kwa milimita 8 hivi. Milimita 8 kwa hatua moja hakuna jicho linaloweza kuziona. Kwa hatua 14 zinakuwa zaidi ya sentimita 11, na zote hujikusanya mahali pamoja, katika pengo la mwisho. Uzio ulionyooka ungelisamehe kosa dogo kama hilo kwa kulitawanya hadi mwisho wa shamba, ambako hakuna anayelipima, ila duara hurudi lilikoanza na kukuonyesha jumla ya kila ulichokosea njiani.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna ya kuanza kazi. Zamani nilichagua umbali kwanza, kisha nikaacha duara liamue kitakachobaki. Sasa ninauliza umbali mkubwa unaoruhusiwa ni upi, ninagawa mzingo kwa umbali huo, na jibu lisipokuwa namba kamili ninapanda hadi namba kamili inayofuata, kisha ninagawa mzingo upya kwa namba hiyo. Mzingo wa mita 14.45 kwa mita moja ni nafasi 14 na ushei, basi ninachukua 15, na 14.45 kugawanya kwa 15 ni sentimita 96.3. Nguzo zote 15 zinatosha, hakuna hata nafasi moja inayozidi mita, na hakuna pengo la mwisho kabisa, kwa kuwa nafasi zote zimekuwa ndugu.

Hata hivyo sentimita 96.3 ni urefu wa mstari uliopinda, na kifaa changu cha kupimia kimenyooka. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa mteja wangu ndiye aliyenionyesha njia. Aliniambia nigawe nyuzi 180 kwa idadi ya nafasi, nitafute sini ya jibu hilo kwenye kikokotoo kwa kitufe cha sin, kisha nizidishe kwa kipenyo. Kwa nafasi 15, nyuzi 180 zinagawanyika kuwa nyuzi 12, sini yake ni 0.2079, na mara mita 4.6 ni sentimita 95.6. Tofauti na 96.3 ni milimita 7 tu, lakini sasa nilijua milimita 7 mara 15 ni nini. Nikakata bomba jipya la sentimita 95.6.

Namba hizo za kuzidishia kipenyo nimeziandika kwa rangi ndani ya mlango wa kabati la vifaa, nazo ni 0.5 kwa sehemu 6, 0.383 kwa sehemu 8, 0.309 kwa sehemu 10, 0.259 kwa sehemu 12, 0.208 kwa sehemu 15 na 0.131 kwa sehemu 24. Ile ya sehemu 6 ina uzuri wake, kwa maana inasema kwamba ukiifungua bikari kwa nusu kipenyo na kuitembeza juu ya duara hilohilo, itafunga kamili kwa hatua sita bila kubakisha chochote. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akifanya hivyo kila siku kwenye vifuniko vya matangi na hakuwahi kusoma kitabu cha hesabu.

Nimtaje mzee huyo kwa kirefu kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameniambia yote haya kabla, na mimi sikumsikia. Alianzia Kamukunji, kwenye mabanda ya mafundi wa jua kali, ambako mlio wa nyundo juu ya bati haukatiki tangu asubuhi. Alitengeneza ndoo, majiko na masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni. Kabla ya kukata bati la ndoo alilaza fimbo juu ya kitako alichokwisha kukata, akaweka alama ya upana, kisha akaigeuza fimbo hiyo juu ya bati, mara moja, mara mbili, mara tatu, akaongeza "na kidogo", halafu akaongeza tena upana wa vidole viwili wa pindo la kuunganishia. Nilimwuliza hicho kidogo ni kiasi gani. Akachukua waya, akauzungusha kwenye kitako, akaukata, akaunyoosha mezani na kunipa. Kitako kilikuwa na upana wa sentimita 28 na waya ulikuwa sentimita 88. Mara tatu ya 28 ni 84, kilichobaki ni sentimita 4, na nne huingia katika ishirini na nane mara saba. Kidogo cha mzee kilikuwa sehemu ya saba ya upana, na tatu na sehemu ya saba ndiyo 22 juu ya 7 tuliyoikariri shuleni bila kuambiwa inatoka wapi.

Nimewahi kusikia vijana waliosoma wakisema 22 juu ya 7 ni kipimo cha zamani na kwamba 3.14 ndiyo sahihi. Zote mbili ni za kukaribia, na 22 juu ya 7 ndiyo inayokaribia zaidi. Kwa duara la kipenyo cha mita 10, mzingo wa kweli ni mita 31.416. Ukitumia 22 juu ya 7 utazidi kwa sentimita 1.3, na ukitumia 3.14 utapungukiwa na sentimita 1.6. Kwa fundi, kuzidi kidogo kuna nafuu, kwa kuwa chuma kirefu hukatika lakini kifupi hakivutiki. Mgiriki Archimedes, aliyefariki mwaka wa 212 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba namba ya kweli ni ndogo kuliko 3 na 1/7 na kubwa kuliko 3 na 10/71, na namna alivyofanya ilinigusa nilipoisoma. Alianza na umbo la pande sita zilizonyooka ndani ya duara, akazifanya kumi na mbili, kisha 24, kisha 48, kisha 96, akiziacha pande hizo zilizonyooka zikaribie ukingo uliopinda. Lile bomba langu la mita moja lilikuwa limefanya kazi hiyohiyo upande mmoja baada ya mwingine.

Somo la duara lipi lilinirudia mara nyingine nikiwa nakunja nondo. Niliagizwa pete za mafiga ya chuma, yale ya kuinjikia sufuria kubwa za sherehe, na upana wa ndani ulitakiwa kuwa sentimita 40. Nikakata nondo ya milimita 12 kwa urefu wa 40 mara 22 juu ya 7, karibu sentimita 126, nikaikunja, ncha zikakutana, nikachomelea, na sufuria haikuingia. Nondo inapokunjwa, upande wake wa nje huvutika na wa ndani hubanwa, na ni mstari wa katikati ya unene pekee unaobaki na urefu wake. Mzingo wa kuukata ni wa duara linalopita katikati ya unene, ambalo kipenyo chake ni sentimita 40 kuongeza 1.2, na urefu ni karibu sentimita 129 na nusu. Bati la ndoo ni jembamba kiasi kwamba mzee hakuhitaji kulifikiria jambo hilo. Chuma kinene hakikubali kusahauliwa.

Mwaka mmoja baadaye mama mwingine, mwenye biashara ya kukodisha mahema na viti Umoja, aliniagiza fremu za meza za duara kwa ajili ya harusi. Alitaka meza za upana wa mita 1.5 na alikusudia kuketisha watu kumi kwenye kila moja. Sikutaka yamkute kama yangu, kwa hiyo nilimwomba tukae tuhesabu kabla sijakata chuma. Mzingo wa meza hiyo ni sentimita 471, ukigawa kwa watu kumi kila mmoja anapata sentimita 47, na mtu mzima anayekula kwa utulivu, asiyempiga jirani kiwiko, anataka kama sentimita 60. Sentimita 60 kwa watu kumi ni mita 6 za mzingo, na meza yenye mzingo huo ina kipenyo cha sentimita 191. Alishtuka. Alidhani kuongeza watu wawili juu ya wanane ni kuongeza kidogo tu.

Tulizungumza sana kuhusu duara lipi la kupimia, kwa maana kwenye meza ya harusi kuna matatu. Viti vimesimama nje ya ukingo, kwenye duara kubwa kuliko meza, na huko nafasi huonekana kutosha. Viwiko viko ukingoni. Sahani ziko ndani, tuseme sentimita 20 kutoka ukingoni, kwenye duara dogo zaidi. Meza ya mita 1.5 ina duara la sahani la kipenyo cha mita 1.1, ambalo mzingo wake ni sentimita 346, na ukiweka sahani kumi za upana wa sentimita 26 zinabakiwa na sentimita 8 hivi kati ya moja na nyingine, na hapo hujaweka bilauri wala soda. Mwenye kukodisha huangalia viti vikiwa vimepangwa kabla ya wageni kufika, akaona vinapumua, akaridhika. Mgeni ndiye anayekaa kwenye duara la viwiko na kula kwenye duara la sahani. Tulikubaliana juu ya meza za mita 1.5 kwa watu wanane, ambao kila mmoja anapata sentimita 59, na meza chache za mita 1.8 kwa watu kumi, sentimita 56 na nusu kila mmoja, za jamaa wanaopendana, kama alivyosema mwenyewe.

Si kila kazi huhitaji kikokotoo. Kwa maua yanayopandwa kuzunguka mlingoti wa bendera, au mawe ya kupaka chokaa, kamba inatosha. Unaizungusha kamba juu ya mstari wenyewe, unaikata zinapokutana ncha, unaikunja katikati, halafu tena, halafu tena, na kila mkunjo unaongeza sehemu maradufu, mbili, nne, nane, kumi na sita. Unatia alama ya kalamu kwenye mikunjo, unairudisha kamba juu ya mstari, na alama zinakuonyesha mahali pa kuchimba. Kamba hujipinda pamoja na duara, kwa hiyo lile kosa la bomba lililonyooka halipo. Ninaonya tu dhidi ya kamba ya katani, ambayo hurefuka au kufupika ikilowa umande. Waya laini wa kufungia nondo ni mwaminifu zaidi.

Nirudi kwenye bwawa. Tuliibakiza nguzo moja, ile ya kwanza, na kuzing'oa nyingine 14 pamoja na zege lake, kazi ya siku mbili kwa mtaimbo na sururu, na simiti mpya niliinunua kwa fedha zangu. Kabla ya kuchimba shimo lolote tulitembeza bomba la sentimita 95.6 juu ya chokaa mzunguko mzima, tukipigilia misumari mirefu ardhini, na msumari wa kumi na nne ulipowekwa nikalaza bomba kutoka hapo hadi katikati ya nguzo ya kwanza. Lilipungua kwa upana wa ukucha. Tukaigawa hiyo ukucha kwa kusogeza misumari michache kidogo, kisha tukachimba.

Alama hizo zilikuwa za katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo. Nguzo ina unene wa sentimita 5, hivyo uwazi uliobaki ulikuwa sentimita 90.6, na ndani yake nilitakiwa kuweka fito ambazo mtoto hawezi kupitisha kichwa, yaani mapengo yasiyozidi sentimita 10. Hapa kati ya nguzo mbili tumerudi kwenye mstari ulionyooka wenye mwanzo na mwisho, kwa hiyo fito saba hufanya mapengo manane. Fito saba za milimita 16 zinakula sentimita 11.2, zinabaki 79.4, na kugawanya kwa nane ni sentimita 9.9. Kijana wangu alikata kipande cha mbao cha upana huo, akawa anakiweka kati ya ufito na ufito kabla ya kuchomelea, nami nikawa nimekaa upande wa pili nikitazama kila kimoja kikiingia bila kulazimishwa.

Mama alilipa salio lote. Mwaka wa 2016 aliniita tena, safari hii kupaka rangi upya, kwa kuwa kutu ilikuwa imeanza kuonekana karibu na ardhi. Wajukuu walikuwa shuleni. Nilipokuwa nikikwangua nguzo ya kwanza kwa brashi ya waya nilitoa tepu mfukoni nikapima uwazi kati yake na ile ya kumi na tano, pale palipokuwa pamebanana. Tepu ilisoma sentimita 90 na nusu. Mama alikuja na karai lake, akafungua lango, ambalo nililitengeneza katika nafasi hiyohiyo, akaniambia nisiguse bawaba kwa rangi maana hapendi zikikwaruza, akapita kwenda kuwalisha samaki.